Mgeni Aliyekawia Guildford

Maneno yenyewe yalikuwa machache, na Ludovick aliyasema akiwa ameshika paja la kuku.

"Mwanamke asiye na mtoto," alisema, "ni mgeni aliyekawia."

Watu waliokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, nyuma ya nyumba ile ya matofali mekundu pale Guildford, jijini Sydney, wakainamia sahani zao. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemkemea. Ilikuwa siku ya kuanua matanga ya Ephraim, mdogo wake Ludovick. Mgeni aliyekuwa akisemwa ni Kokugonza, mjane wa Ephraim. Na huyo kuku, yeye ndiye aliyempika.

Kwao Bukoba mambo haya yana njia yake. Mtu akifa, ukoo hukaa kikao, humchagua msimamizi wa mirathi, huandika muhtasari, kila mmoja akatia sahihi yake, na muhtasari huo hupelekwa mahakama ya mwanzo iliyo karibu. Ludovick alifuata njia hiyohiyo, ila aliifuatia Sydney. Ukoo uliokusanyika ulikuwa yeye mwenyewe, binamu mmoja aliyekuja kwa basi kutoka Melbourne, na mzee mmoja ambaye kusema kweli hakuwa wa ukoo ule, bali alitoka kata moja nao na anapenda vikao. Katibu wa chama chao cha kuzikana alipiga muhuri. Ikaandikwa kwamba nyumba inarudi kwa ukoo kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto, na kwamba msimamizi ni Ludovick.

Wakampa Kokugonza kalamu. Akatia sahihi. Alikuwa ameona mama yake akitia sahihi vilevile, na shangazi yake pia, na hakujua kwamba mjane anaweza kufanya jambo jingine na kalamu. Jumamosi iliyofuata aliondoka na masanduku yake na sufuria yake kubwa, akaenda kupanga chumba Seven Hills kwa mwenzake wa kazini, Mkongo mmoja jina lake Bibiane. Wote wawili walikuwa wakihudumia wazee katika nyumba ya wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza.

Nyumba aliihesabu kuwa imekwenda. Ilikuwa kwa jina la Ephraim peke yake, maana Ephraim aliinunua wakati Kokugonza bado yuko Bukoba anangoja viza, na ingawa baadaye walilipa mkopo pamoja hadi benki ikaridhika, jina halikubadilishwa. Basi hakulilia nyumba. Kilichomkera ni yale maneno. Akimwogesha kikongwe wa watu asubuhi, maneno yako pale. Akikata vitunguu, yapo. Mgeni aliyekawia! Miaka yote ile aliyokaa na Ephraim, akamuuguza, akamfumba macho, kumbe alikuwa mgeni ambaye wenyeji wanamwonea haya kumwambia aende.

Na chuki ikikaa bila kazi, huoza. Ya Kokugonza ilitaka kazi, nayo ikaipata jikoni kwa Bibiane siku moja wakimenya viazi.

"Ma Koku," Bibiane alisema, "we unakula ile hasira kama fufu, asubuhi na mangaribi. Itakutoboa tumbo."

"Niache nayo. Ni yangu."

"Bon, ni yako. Lakini fikiri. Ule shemeji yako alienda tribunal, si ndiyo? Ile karatasi ya kikao aliipeleka kule."

"Alipeleka mahakamani. Angekaaje kwenye nyumba bila kupeleka?"

"Basi kule tribunal aliapa. Alishika Biblia, akasema we ni nani. Sasa alisema nini? Alisema Ephraim hakukuwa na bibi? Tribunal haitupi papier, mama. Tribunal inatunza papier kama mwanamuke anatunza pagne, ile kitenge ya arusi. Uende uombe."

Kokugonza aliweka kisu chini. Hakuwa amewaza hilo. Mahali fulani katika mji huu kuna jalada, na ndani ya jalada hilo kuna uongo wa Ludovick, umeandikwa, umetiwa sahihi, una tarehe. Aliuona uongo ule kama mtu anavyoona samaki chini ya maji. Akajua atakavyoufanya. Atauomba, atapewa nakala, na Jumapili ya misa ya Kiswahili, watu wakiwa wametoka nje wanakunywa chai, ataisoma nakala ile kwa sauti, mstari kwa mstari, huku Ludovick akiwa na kikombe mkononi. Apate naye kuinamia sahani.

"Menya, menya viazi," Bibiane akasema. "Unacheka peke yako, unaniogopesha."

Siku yake ya mapumziko Kokugonza alianzia mahakama ya Parramatta. Alifanya kosa ambalo mtu yeyote wa kwao angelifanya: alitafuta mahakama iliyo karibu na alipoishi marehemu, kwa sababu Bukoba ndiko jalada lingekuwa, na karani angekuwa mtu anayemjua baba yako. Alikaa kwenye benchi na vijana walioshitakiwa kwa kuendesha magari wakiwa wamelewa, hadi mlinzi akamuuliza anamngoja nani.

"Nimefuata mambo ya marehemu," akasema.

"Ya marehemu hayako hapa, mama. Ya jimbo zima yako mahali pamoja, mjini, mahakama kuu. Hata ukifia jangwani, jalada lako linakwenda mjini."

Akapanda treni kwenda mjini. Huko alipata dirisha, na nyuma ya dirisha mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Kokugonza alikuwa amejiandaa kwa vita. Alikuwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa cha parokia na kile cha serikali, pasi yake, na sura aliyoivaa kama siku ya kugombania maji bombani.

"Unatafuta jalada la nani?" yule mama aliuliza kwa Kiingereza cha taratibu.

Akamtajia jina, na tarehe aliyokufa.

"Na wewe ni nani kwake? Maana hatumpi tu kila mtu."

"Mke."

Yule mama aliandika neno lile kama alivyoandika tarehe, hakuinua hata nyusi. Tangu siku ya matanga, huyu ndiye mtu wa kwanza kumwuliza Kokugonza ni nani na kulipokea jibu.

Mama alibofya, akatazama. Akabofya tena. Akaligeuza jina, la mbele nyuma na la nyuma mbele. Kisha akaeleza kwamba anayetaka kupewa mamlaka juu ya mali ya marehemu sharti kwanza atangaze kusudio lake kwenye mtandao wa mahakama, mahali ambapo yeyote anaweza kusoma, ndipo aombe. Na kwa jina hilo hakuna tangazo wala ombi.

"Lipo," Kokugonza akasema. "Tazama vizuri. Ana muhtasari wenye muhuri."

"Andika ombi rasmi, uambatanishe vyeti. Tutapekua vizuri na kukujibu kwa maandishi."

Akaandika. Alijibiwa, na jibu lilikuwa lilelile: hakuna jalada. Hakuna mtu yeyote aliyewahi kuja kuomba chochote juu ya mali ya Ephraim.

Kokugonza aliisoma barua ile amesimama mlangoni, akaikunja, akaikunjua. Kwanza alikasirika kuliko mwanzo. Hata uongo wenyewe hakuukuta! Alikuwa amekwisha kuunoa moyo wake kwa ajili ya kile kisomo cha siku ya misa, na sasa hakuna cha kusoma.

"Sasa mi sielewi kitu," Bibiane akasema. "Kama hakuenda tribunal, analala mule ndani kwa nguvu ya nani?"

Swali hilo ndilo lililompeleka Kokugonza kwenye ofisi ya msaada wa sheria wa bure, kwa wakili mmoja Mkenya aitwaye Waceke, mwanamke mfupi anayekula karanga huku akisoma. Kokugonza alimwonyesha picha ya ule muhtasari kwenye simu. Waceke akaukuza kwa vidole, akausoma mpaka chini kwenye muhuri, akaacha kutafuna.

"Mama, hii ni nini?"

"Muhtasari wa kikao cha ukoo."

"Naona. Nauliza huku ni nini. Hii kitu huku ni kama cheti cha ubatizo cha gari. Ni kizuri, padre amesign, lakini polisi akikusimamisha haikusaidii."

"Lakini nilitia sahihi."

"Ulisign kwamba ulihudhuria mkutano. Sawa, ulihudhuria. Sikiza basi. Mzee hakuacha wosia? Hakuacha mtoto, wa ndani wala wa nje? Mko na ndoa ya serikali? Basi kwa sheria ya hili jimbo mwenye haki ya hiyo nyumba ni mke. Si kaka, si binamu wa Melbourne."

"Hata kama ukoo umekaa?"

"Ukoo ukae, ukoo usimame, ukoo ulale chali. Hiyo nyumba mpaka leo iko kwa jina la mzee, na itabaki hapo mpaka mtu aende korti. Shemeji yako hajaenda. Wewe nenda." Akavuta karatasi. "Na huyo nimwandikie barua leo. Atoke."

Kokugonza alikuwa akikumbuka Jumapili iliyopita, Ludovick akijisifu nje ya kanisa, kwamba anaanza kubadilisha paa zima, vigae vipya, kisha jiko, kisha kibaraza kipana cha kupokelea wageni, maana mkewe yuko Bukoba na viza yake iko njiani. Ludovick huendesha trela la makontena bandarini Port Botany, ni mtu mwenye mikono ya kazi, na kazi ile alikuwa akiifanya mwenyewe kila akitoka shifti.

"Wakili," akasema, "hiyo ya mahakama tuianze leo. Barua yake isubiri."

"Isubiri nini?"

"Amalize paa."

Waceke alicheka, halafu akajikuta hacheki. Akamtazama yule mama mpole mwenye kitambaa kichwani, mwenye viatu vya kazini visivyopiga kelele. "Mama, hayo nimeyasahau," akasema. "Lakini usimwambie afanye kitu. Na usimdanganye. Ukidanganya, mimi sipo."

"Sitamwambia uongo hata mmoja. Yeye hajawahi kuniuliza kitu."

Basi mambo yakaenda hivyo. Tangazo likatoka kwenye mtandao wa mahakama, wazi kama nguo kambani: jina la Ephraim, na jina la Kokugonza kwamba anaomba usimamizi wa mali yake. Mtu yeyote mwenye simu angeweza kulisoma. Lakini nani husoma matangazo ya wafu? Ludovick simu yake ilikuwa ya kutazama mpira na ya kuongea na muuza vigae. Bili za manispaa zilikuja kwa jina la marehemu, naye akazilipa, akaona anatawala.

Jumapili moja alimfuata Kokugonza nje ya kanisa. Alikuwa amepoa siku hizo, maana mtu aliyeshinda huwa na adabu.

"Shemeji, wewe uliijua ile nyumba. Jikoni niweke vigae vya kijani au vyeupe?"

"Vyeupe," Kokugonza akasema. "Kijani kinaficha uchafu. Na sinki usiliweke ukutani, liweke chini ya dirisha, upate kuona nje ukiosha vyombo."

"Eee! Una jicho, shemeji."

"Nililiwaza siku nyingi."

Bibiane alimvuta mkono mpaka kituo cha treni. "Ma Koku, we ni mubaya. Unamchagulisha jiko lako!"

"Aliniuliza. Nimemjibu kweli tupu."

"Mungu anaona."

"Na aone. Alikuwa anaona hata siku ya kuku."

Labda angelegea. Watu waliomfahamu husema hivyo, kwamba moyo wake haukuwa wa jiwe, na kuna jioni alimwona Ludovick juu ya paa amejifunga kamba, jasho linamtiririka, mtu mzima, akamwonea huruma kidogo. Lakini siku hiyohiyo, alipopita pembeni kuchukua masufuria ya chama yaliyohifadhiwa pale, alikuta kisiki. Ule mlimau wa Ephraim, alioupanda mwaka Kokugonza alipofika, ulikuwa umekatwa kuweka saruji ya kuegeshea kichwa cha trela. Malimau mabichi yalikuwa bado yamezagaa chini. Kokugonza aliokota moja, akalinusa, akaliweka mfukoni. Tangu siku hiyo hakumwonea tena huruma. Alipoulizwa juu ya kibaraza, akasema kiwe kipana zaidi.

Hati ya mahakama ya kumpa Kokugonza usimamizi ilifika, ina muhuri wa kweli. Waceke akatayarisha barua ya kumtaka Ludovick atoke, na safari hii Kokugonza hakumzuia. Aliomba kitu kimoja tu, aipeleke yeye kwa mkono wake. Maana Ludovick alikuwa amempigia simu.

"Shemeji, Jumamosi tunabariki nyumba. Padre atakuja. Njoo utusaidie kupika, mkono wako unajulikana."

"Nitakuja," akasema. "Nitapika."

Siku hiyo nyumba iling'aa. Paa jipya, jiko jeupe, sinki chini ya dirisha, na kibaraza ambacho ungeweza kuchezea ngoma. Watu walewale wa matanga walikuwapo, hata yule mzee anayependa vikao. Padre alinyunyiza maji chumba kwa chumba. Kokugonza alipika ndizi na nyama na samaki, akisaidiwa na Bibiane, ambaye kwa wasiwasi alimwaga chumvi.

Walipokwisha kula, Ludovick akasimama kwenye kibaraza chake. Akashukuru ukoo. Akasema nyumba ya wanaume imerudi kwa wanaume. Akamshukuru pia shemeji yake, "ambaye hakuwa na kinyongo, amekubali mila, akajua nafasi yake." Watu wakapiga makofi. Ludovick akaketi, akatazama huku na huku, akasema, "Jamani, kahawa iko wapi?"

Hapo inafaa msomaji ajue jambo moja la Wahaya. Mgeni akiingia nyumbani hupewa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa. Huletwa katika kikapu kidogo chenye kifuniko. Anaweza kukitayarisha yeyote, anaweza kukileta mtoto kutoka ndani. Lakini anayemkaribisha mgeni kwa mkono wake ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba huchukua punje kwanza, akatafuna mwenyewe, watu waone haina sumu, ndipo akampa mgeni. Hakuna Mhaya asiyelijua hilo, hata aliyezaliwa Sydney.

Kokugonza alitoka jikoni na kikapu. Kilikuwa kile cha zamani, cha siku za Ephraim. Alikuwa amekwenda nacho Seven Hills. Ludovick akanyoosha mkono akipokee.

Hakumpa. Alisimama katikati ya kibaraza, akafunua, akachukua punje, akaitafuna taratibu, taya zake zikienda. Kelele zikapungua. Kisha akapiga goti kwa adabu kamili mbele ya Ludovick, akamnyooshea kikapu, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani:

"Karibu, mgeni wangu. Umekawia, lakini karibu."

Yule mzee wa vikao ndiye aliyetangulia kuelewa. "Waitu!" alisema kwa Kihaya, kwa mshangao, na kikombe kikamponyoka.

"Unafanya nini, shemeji?" Ludovick akauliza. Mkono wake ulikuwa bado hewani. Akiupeleka kwenye kikapu, amekubali kuwa mgeni. Akiurudisha, amekataa kahawa mbele ya watu wote, jambo ambalo halina jina zuri.

"Nakukaribisha nyumbani kwangu." Kokugonza alitoa bahasha kifuani, akaiweka juu ya goti la Ludovick. "Nilikwenda mahakamani kuomba nakala ya kiapo chako. Nilitaka nijue ulisema mimi ni nani. Wakapekua majalada yote, wakaniandikia kwamba hukuwahi kufika. Kwa hiyo nikaomba mimi. Soma. Au mpe padre, Kiingereza chake kizuri."

Ludovick alisoma. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Binamu wa Melbourne akasogea, akasoma begani mwake, akarudi nyuma polepole mpaka kwenye ukuta, kama mtu ambaye hakuwahi kuwa wa ukoo wowote.

"Lakini ulitia sahihi!" Ludovick akasema. "Watu hawa wote ni mashahidi!"

"Nilitia. Hawa pia ni mashahidi uliponiita mgeni. Na ninyi, mbona leo mnainamia sahani, na hazina kitu?"

"Paa hili nimepaua mimi! Kwa mikono yangu! Jiko, kibaraza, saruji..."

"Na umefanya kazi nzuri. Sina cha kusahihisha, ila ule mlimau."

Ludovick alitafuta uso wa kumtetea, akamtazama padre, padre akatazama ndoo yake ya maji ya baraka. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Shemeji, mke wangu anakuja. Mimi nitakwenda kukaa wapi?"

Kila mtu alingoja. Kulikuwa na wanawake pale waliotazamia Kokugonza aseme, haya, kaa, wewe ni ndugu wa marehemu. Lilikuwa ndilo neno la kiungwana, na mahali pake palikuwa wazi. Yeye alikumbuka lile limau, lilivyokauka dirishani Seven Hills hadi likawa kama jiwe.

"Barua ya wakili ina siku zako, zinatosha," akasema. "Na chumba changu cha Seven Hills kitakuwa wazi. Si kikubwa. Bibiane anatafuta mpangaji."

"Mimi?" Bibiane akaruka kutoka mlangoni, kijiko mkononi. "Ma Koku! Huyu? Bon... lakini asilete lile kamyo lake la makontena, na sahani anaosha mwenyewe."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia, wa pili akashindwa kujizuia.

Kokugonza alikuwa bado amepiga goti, kikapu mkononi, magoti yakimuuma kwa vigae vipya. Hakuinuka. Alikuwa na siku nzima. Ludovick alikitazama kikapu, akawatazama watu, na mwishowe akaingiza vidole, akatoa punje moja, ndogo, akaitia mdomoni.

"Tafuna," Kokugonza akamwambia.

Akatafuna.